Koo Likinyamaza, Gitaa Linaimba

Boti inayotoka Mbita kwenda Takawiri hupakia kila kitu: saruji, kreti za soda, godoro, kuku waliofungwa miguu. Siku ile ilimpakia pia kijana aliyevaa fulana nyeusi ya mtumba, kifuani imeandikwa In Flames. Nikamwuliza hao ni akina nani.

"Sijui, mzee. Nilipenda tu hii sura," akasema, akijiangalia kifua.

Nyuma yetu, kando ya injini, nahodha alikuwa amefungulia simu yake wimbo wa D.O. Misiani na Shirati Jazz. Injini ilikuwa imemeza karibu kila kitu: ngoma, besi, hata maneno. Kilichopenya ni gitaa la solo peke yake, jembamba na kali. Hapo nikaona kwamba fulana na simu zilikuwa zinazungumzia jambo moja, ingawa si nahodha wala kijana aliyejua.

Tuanze na fulana. In Flames ni bendi ya Göteborg, Uswidi. Katikati ya miaka ya 1990 mji huo ulikuwa na bendi tatu, hao pamoja na At the Gates na Dark Tranquillity, zilizougeuza muziki wa dethi metali. Katika muziki huo mwimbaji hanguki kwenye noti yoyote, ananguruma. Sasa, koo likiacha kuimba, nani atabeba melodi? Vijana wa Göteborg waliikabidhi kwa magitaa mawili. Moja likipiga do, la pili linapiga mi juu yake, na yanatembea hivyo sambamba mpaka mwisho wa mstari, kama sauti ya kwanza na ya pili katika kwaya. Sikiliza albamu ya The Jester Race ya 1996 na utaweza kuimba karibu kila wimbo bila kushika neno hata moja. Unachoimba ni gitaa.

Shirati Jazz walikuwa na mwimbaji mzuri, kwa hiyo hawakulazimika. Lakini walifika palepale kwa njia yao, miaka ishirini na zaidi kabla.

Daniel Owino Misiani alizaliwa 1940 huko Nyamagongo, karibu na Shirati, katika Tanganyika ya wakati huo. Ukiondoka Takawiri kwa maji ukaelekea kusini, ukapita Karungu na Muhuru Bay upande wa Migori, unafika Shirati bila kukanyaga barabara. Baba yake Misiani alikuwa mtu wa dini na hakulipenda gitaa. Kijana akavuka kuja Kenya, na katikati ya miaka ya 1960 akaunda kundi lililoitwa Victoria Boys. Jina hilo halikudumu: likawa Shirati Luo Voice, kisha Shirati Luo Jazz, kisha Shirati Jazz, na hatimaye D.O. 7 Shirati Jazz. Neno "jazz" hapo lisimchanganye mtu. Lilikuwa neno la fahari tu, bendi nyingi za Afrika Mashariki zililivaa kama tai.

Ili kuelewa walichofanya, uanze na nyatiti. Ala hii ya Wajaluo ina nyuzi nane, zimegawanywa nne nne, na mpigaji ni mtu mmoja anayefanya kazi ya bendi nzima. Anaimba, anakwanyua kwa mikono yote miwili, kidoleni mwa mguu amevaa pete ya chuma inayogonga mbao za ala, na njuga zinalia mguuni. Mtu mmoja, sauti nne. Benga, muziki huu wa Shirati Jazz, nionavyo mimi, ni mtu huyo aliyepasuliwa akawa wanaume wanne au watano. Pete ya chuma ikawa ngoma kubwa inayodunda kila pigo bila kuruka hata moja. Njuga zikawa visahani vya shaba. Nyuzi nene zikaenda kwa besi, nyembamba kwa solo, na katikati akakaa mpigaji wa rithimu. Ndiyo maana gitaa la benga hukwanyuliwa uzi mmoja mmoja. Kulichapa kwa kiganja, nyuzi zote kwa mpigo, si desturi yake. Nyatiti haijui noti za kanisani zinazopigwa pamoja.

Besi ndiyo inayonishangaza kila mara. Katika rumba ya Kongo besi ni mwenyeji mtulivu, anakaribisha wengine. Katika Shirati besi inaruka: inapiga noti mbili tatu, inanyamaza mahali usipotarajia, kisha inarudi nusu pigo kabla ya wakati, kana kwamba imemsukuma mtu mgongoni. Ngoma kubwa haiyumbi, kwa hiyo besi ina ruhusa ya kuyumba. Muziki unakuwa na haraka ambayo haitokani na mwendo. Jaribu kuhesabu mapigo utaona si ya kasi sana.

Juu ya hayo, solo. Katika nusu ya kwanza ya wimbo inamfuata Misiani kama kivuli: anachoimba, inakipiga, noti kwa noti, na akimaliza mstari inaweka jibu fupi. Hapo bado ni mtumishi wa maneno. Maneno nayo yalikuwa mazito, kwa sababu Misiani alipenda kuisema serikali kwa mafumbo ya wanyama. Bim en Bim, yaani nyani ni nyani, ni mfano mmoja. Mafumbo hayo yaliwahi kumtia ndani. Pia aliimba majina ya watu, jambo ambalo mgeni hudhani ni kujipendekeza. Linatoka kwenye pakruok, desturi ya msikilizaji kumtuza mpigaji, kusimamisha muziki na kujisifu au kumsifu rafiki. Katika santuri huwezi kusimamisha muziki, basi jina likaingizwa ndani ya wimbo.

Kisha inakuja nusu ya pili, na hapa ndipo kifaa kilipoamua umbo la wimbo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 haibebi zaidi ya dakika chache kila upande. Wimbo wa benga ulikuwa mrefu kuliko hapo, kwa hiyo ulikatwa: sauti inafifia, unageuza santuri, sauti inapanda tena kutoka chini. Wanamuziki wangeweza kulalamika. Badala yake waliligeuza kovu hilo kuwa mlango. Upande wa kwanza ukawa wa kuimba, wa pili ukawa wa klaimaksi. Wapenzi wa dansi kule Tanzania wangesema chemko. Koo linanyamaza, au linabaki kurusha neno moja moja. Solo na rithimu zinashika kifungu kifupi na kukirudia, kila mara kwa badiliko dogo la noti moja, huku kila gitaa likijaza pengo la mwenzake. Melodi imeachwa kabisa mikononi mwa magitaa. Göteborg, lakini kwa viuno.

Sina nafasi ya kueleza bendi zote zilizochipuka kutoka hapo. Ochieng Nelly alitoka Shirati Jazz, na 1972 yeye na Collela Mazee wakaanzisha Victoria Jazz, ambayo ilirekodi kwa majina mengi ya Victoria kiasi kwamba mkusanyaji wa santuri anahitaji daftari. Mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo alizisambaza santuri za benga mpaka kusini mwa Afrika. Zimbabwe wana muziki wa magitaa uitwao sungura mpaka leo, na jina hilo ni la lebo ya Kanindo. Misiani alikufa katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006.

Na kwa anayedhani metali haina makao kwetu: wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu ya Duma mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wao walifanya kinyume. Walibakiza ukelele na dhoruba ya mashine, melodi wakaitupa nje. Naiheshimu kazi ile, ila sijawahi kuipiga filimbi nikioga.

Tulipokaribia ufuo wa Takawiri nahodha alizima injini na boti ikateleza yenyewe kuelekea mchangani. Ghafla kila kitu kikasikika, hata ngoma. Kijana akainua kichwa, akauliza kama anaweza kutumiwa huo wimbo. Nahodha akatafuta katika simu. Alikuwa nao vipande viwili, kama ulivyonakiliwa kutoka santurini.

"Nikutumie upi?"

"Huo usio na maneno mengi," akasema kijana.