Palestrina Anahitaji Kisima

Kila Kwaresima, kwaya za Nairobi hutoa tena karatasi za Palestrina, na hapo ndipo shida huanza. Sisemi nikiwa nje. Naimba tenor katika parokia moja kando ya Waiyaki Way, na "Sicut cervus" nimeiharibu mara nyingi.

Maneno yake yametoka Zaburi ya 42: ayala ana kiu, roho nayo vilevile. Mahali pake ni Mkesha wa Pasaka, watu wakielekea kisima cha ubatizo. Ni wimbo wa kutembea. Lakini majuzi, kwenye tamasha moja katikati ya jiji, kwaya ilisimama mistari mitatu ikaiimba polepole kama ya mazishi. Sauti zilikuwa tamu, kweli. Ila hakuna aliyeonekana kuwa na kiu.

Sisi wenyewe si afadhali. Mwaka jana mama mmoja, ambaye hununua maji kwa mtungi kama wengi wetu huku, aliniuliza wimbo ulisema nini. Nikamweleza. Akacheka: "Sasa kijana wangu, mbona mliimba kama watu waliokwisha kunywa?"

Tabia hii tumeitoa shuleni. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limetufunza kuimba vipande vya Ulaya mbele ya waamuzi: simama wima, usikosee. Halafu kanisani tumezoea nyimbo ambazo sauti nne hutamka neno moja kwa pamoja, soprano akibeba ujumbe. Kwa Palestrina, tenor huanza, alto hufuata, kisha soprano, halafu bezi, na kila mmoja ana wimbo kamili. Ukiweka kinanda kirudie sauti zote, kila mtu anangoja kuburutwa.

Ati muziki huu ni mgumu kusoma? Uandikwe kwa solfa. Haurukiruki ufunguo, na mwimbaji anaona njia ya sauti yake.

Kalenda yenyewe inatusaidia. Kuanzia Utukufu wa Alhamisi Kuu hadi Utukufu wa Mkesha, kinanda hunyamaza, isipokuwa kushikilia waimbaji. Kwaya inayoogopa ianze Ijumaa Kuu na "Popule meus" ya Victoria, iliyo ndani ya kitabu chake cha Juma Kuu kilichochapishwa Roma mwaka 1585. Humo sauti husogea karibu pamoja, kwa hiyo haimtupi mtu kilindini. Na hebu tuache kusema Mtaguso wa Vatikani ulizika nyimbo hizi. Hati yake ya liturujia ya 1963 haikuzikataa.

Mkesha ujao tumekubaliana: kinanda kimefungwa, na tunatembea hadi kisimani. Tenor ndio wataanza, na mimi nimo. Nikikosea, angalau safari hii itajulikana ni nani.