Fundi wa Mikroni Nne

Kinyama kinachotolewa nyuma ya pua ni kidogo mno. Daktari anapitisha kamera nyembamba puani hadi pale koromeo linapoanzia, chini ya fuvu, ananyofoa vipande viwili vitatu vya milimita chache, basi. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakuja kwa sababu ya pua. Alikuja na tezi ya shingo isiyouma ambayo imekuwa ikikua kwa miezi, au sikio moja lililoziba. Vipande vinatumbukizwa kwenye formalini na kupelekwa maabara ya patholojia, kwa mtu ambaye mgonjwa hatamwona wala kulisikia jina lake: fundi wa histolojia.

Kazi yake ya kwanza ni ya mikono. Tishu imeshatolewa maji kwa spiriti, imezamishwa kwenye nta ya parafini na kuganda kuwa kibonge. Kibonge kinafungwa kwenye mikrotomu, fundi anazungusha gurudumu, na kila kinaposhuka mbele ya wembe kinaacha ukanda wenye unene wa mikroni nne hivi. Unywele mmoja wa kichwani una mikroni kama sabini. Kanda zinashikana ncha kwa ncha na kuwa utepe. Utepe ukianza kujikunja, fundi anaisogelea mashine na kuupulizia pumzi yake, maana unyevu kidogo unatosha kuutuliza. Kisha anauinua kwa brashi na kibano, anaulaza juu ya beseni la maji ya vuguvugu. Maji yakizidi moto, tishu inatanuka na kupasuka. Yakiwa baridi, mikunjo inabaki, rangi itajikusanya ndani yake, na msomaji wa slaidi atadhani ameona kitu.

Slaidi inazamishwa kwa mshazari, utepe unaidaka, imekwisha. Lakini kabla ya kukata kibonge cha mgonjwa mwingine, fundi anapangusa uso wa maji kwa karatasi laini. Kipande kisichoonekana kwa macho kinaweza kubaki kikielea, kikanata kwenye slaidi ya mtu mwenye uvimbe wa kawaida tu, na mtu huyo akaambiwa ana saratani. Nikiulizwa ufundi wa maabara unaanzia wapi, nitaitaja karatasi hiyo kabla ya mashine yoyote.

Saratani ya nyuma ya pua ina tabia ya kujificha. Mwaka 1921 Regaud huko Ufaransa na Schmincke huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, waliielezea: seli kubwa za saratani zimezama katikati ya umati wa limfositi, zile seli ndogo za kinga, kiasi kwamba jicho linaweza kushindwa kutofautisha mwenyeji na mgeni. Wengine waliidhania saratani ya limfu, ambayo tiba yake ni tofauti kabisa. Ndiyo maana siku hizi huanzwa kwa kutafuta keratini, protini ambayo seli za utando wa koo zinayo na limfositi hazina. Kingamwili iliyotengenezwa kuinasa keratini inadondoshwa juu ya tishu, inaoshwa, inafuatiwa na kemikali inayoacha rangi ya kahawia pale tu kingamwili iliponata. Wale waliojificha wanajitokeza kwa kahawia, na umati uliowazunguka unabaki na buluu ya hematoksilini.

Hapo linakuja suala la virusi. Virusi vya Epstein-Barr vina asili ya karibu nasi kuliko jina lake linavyoonyesha. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alikuwa akituma London vipande vya uvimbe wa taya za watoto wa Uganda. Mwishoni mwa 1963 ndege iliyobeba kimojawapo ilishindwa kutua kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Chupa ilipomfikia Anthony Epstein ilikuwa na maji machafu, na mwingine angeimwaga akidhani bakteria wameshaharibu sampuli. Yeye alitia tone chini ya hadubini, akaona seli hai zikielea. Kutoka kwenye seli hizo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walivitangaza virusi vipya mwaka 1964. Miaka michache baadaye vikaonekana pia katika saratani ya nyuma ya pua, ugonjwa ulioshamiri zaidi kusini mwa China.

Tatizo ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wamekwisha kuambukizwa virusi hivi. Ukisaga kinyama na kutafuta DNA ya virusi, unaweza kuipata kutoka kwa limfositi moja iliyokuwa ikipita njia. Swali lenye maana ni vimekaa ndani ya seli ipi, na tishu iliyosagwa haina tena jibu hilo. Slaidi inalo, kwa kuwa kila seli bado iko mahali pake. Fundi anatafuta RNA fupi za virusi ziitwazo EBER, ambazo hazitengenezi protini yoyote lakini zinarundikana ndani ya seli moja hadi milioni na zaidi. Seli za saratani zikiwa nazo, viini vyao vinakolea kimoja baada ya kingine, na limfositi za pembeni zinabaki kimya.

Na zisipokolea? Hapa ndipo namvulia kofia fundi. RNA huharibika upesi. Kimeng'enya kilicho kwenye vidole vya mtu kinatosha kuila, na kinyama kilichochelewa kuingia kwenye formalini kinaweza kuwa kimeshaipoteza. Basi fundi hakubali jibu la «hakuna» hivi hivi. Anachukua slaidi nyingine ya kibonge hichohicho na kutafuta RNA ya kawaida ya binadamu, kama U6, ambayo kila seli inapaswa kuwa nayo. Hiyo nayo ikikosekana, ripoti haiandikwi kwamba virusi havipo. Inaandikwa kwamba kipimo hakikufaa.

Shuka chini kidogo, kwenye tonsili na shina la ulimi, unakuta virusi vingine, HPV, hasa aina ya 16, na kipimo chenye mantiki ya kuzunguka. Protini ya virusi iitwayo E7 inaivuruga Rb, protini inayozuia seli kugawanyika ovyo. Seli inajibu kwa kumwaga p16, ambayo nayo ni kizuizi, ila kizuizi kinachofanya kazi kupitia Rb hiyohiyo. Ni dereva anayezidi kukanyaga breki ambayo waya wake umekatika. Kwa hiyo p16 inajaa, na fundi anaipaka rangi hiyo p16 badala ya virusi. Kanuni ni kwamba angalau asilimia 70 ya seli za saratani zikolee vizuri, kwenye kiini na nje ya kiini. Uzito wa kuhesabu huko ni mkubwa: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, wagonjwa wa saratani ya koromeo yenye HPV waliokuwa hai baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 82, na wasio na HPV asilimia 57. Tangu toleo la nane la mwongozo wa hatua za saratani, makundi haya mawili hupangiwa hatua kwa jedwali tofauti.

Lakini p16 ni shahidi wa kuambiwa. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2023 ulikuta kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi ana p16 na HPV zisizokubaliana, na hao hawapati nafuu sawa na wale ambao vipimo vyote viwili vinasema ndiyo. Maabara yenye uwezo inatafuta virusi vyenyewe pia. Hata tonsili yenye afya ina madoa ya p16 kwenye mikunjo yake, na fundi ameigeuza kasoro hiyo kuwa msaada: kipande cha tonsili ya kawaida huwekwa kwenye slaidi ileile, madoa yakikosekana anajua kingamwili imechacha.

Tezi ya shingo ambayo chanzo chake hakijulikani ndiyo inayodai vyote hivi kwa pamoja. EBER ikikolea, daktari anarudi kuitazama nyuma ya pua. P16 ikikolea, anaelekea tonsili na shina la ulimi. Kila kipimo kinakula ukanda wake, na kila mara kibonge kinaporudishwa kwenye mikrotomu lazima kisawazishwe upya, kanda za kwanza zikitupwa. Kwa kinyama cha milimita mbili hiyo ni hasara kubwa. Kwa hiyo fundi mzoefu, akiona ukubwa wa kibonge, haulizi ameagizwa slaidi ngapi. Anakata na nyingine tupu siku hiyohiyo, anaziandika namba kwa penseli na kuziweka akiba.