Kaskazi Mezani

Kwenye magofu ya Gede, ndani ya msitu ulio njiani baina ya Kilifi na Malindi, kuna nyumba iliyopewa jina la jahazi kwa ajili ya chombo kilichokwaruzwa kwenye lipu ya ukuta wake. Kusini, ndani ya ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa, kuna ukuta uliojaa merikebu zilizochorwa na askari wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu. Wachoraji hawa hawakuwa wa upande mmoja. Wa Gede alikuwa mwenyeji, wa ngomeni alikuja na mizinga. Lakini maisha ya wote yalitegemea vyombo vinavyoletwa na pepo, na wote, hali bahari nzima iko jirani, walitaka na nyingine ndogo, ambayo jicho linaweza kuizunguka na kidole kuigusa.

Haja hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu, katika sura yake ya leo ambayo wachache wa pwani yetu wanaijua: mchezo wa vita vya baharini unaochezwa mezani kwa vyombo vidogo vya kuchonga, mtu akiwa peke yake. Kitambaa cha buluu ni bahari. Mchanga uliogandishwa kwa gundi ni mwamba. Vyombo husogezwa kwa zamu, kwa kipimo cha rula, kulingana na upepo. Mizinga hupigwa kwa dadu. Na mchezaji huyo huyo mmoja ndiye jemadari wa pande zote mbili. Anayetazama kwa mbali hudhani ni mtu mzima anayechezea vitu vya watoto. Akikaa saa nzima akatazama, atagundua kwamba muda mwingi mchezaji hachezi, bali anasoma, anapima, anaandika, kisha anasogeza chombo kimoja kwa upana wa kidole.

Sanaa hii ina nasaba. John Clerk wa Eldin, Mskoti aliyekuwa na machimbo ya makaa ya mawe na ambaye hakuwahi kuongoza manowari, alipanga vyombo vidogo vya mbao mezani hadi akaandika kitabu cha mbinu za vita vya baharini kilichopigwa chapa mwaka 1782, na maofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza wakakisoma. Mwaka 1898 Fred T. Jane alitoa mchezo wake wa manowari, na kitabu chake kikubwa cha manowari za dunia kilianza kama msaada kwa wachezaji. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Liverpool, mwaka 1942. Manowari za chini ya maji za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli za chakula katika Atlantiki, na ofisa Gilbert Roberts, akifanya kazi na wanawake vijana wa jeshi la wanamaji, akaigeuza sakafu ya chumba kuwa bahari. Nahodha wa kweli, aliyetoka baharini na chumvi yake, aliwekwa nyuma ya pazia la turubai lenye tundu, aone sehemu ile tu ambayo angeiona akiwa chomboni. Katika sakafu ile zilibuniwa mbinu zilizopelekwa kwenye maji ya kweli.

Lile tundu la turubai ndilo jambo kuu. Vita vya baharini ni vita vya kutoona. Sasa, mtu anayecheza peke yake anaona kila kitu, kwa kuwa ameipanga meza kwa mikono yake. Atajinyimaje macho?

Nitarudi hapo. Kwanza vyombo, kwa sababu mapenzi huanzia mikononi. Ukubwa unaotumiwa sana na wachezaji ni wa moja kwa 1,200, yaani sentimita moja mezani ni mita 12 baharini. Galioti, ile merikebu nyembamba ya vita iliyokwenda kwa tanga na makasia, ikiwa na urefu wa mita 30, huwa sentimita mbili na nusu tu. Kwa ukubwa huo hakuna cha kununua kitakachokupa vyombo vya pwani hii; maduka ya Ulaya yana manowari za Trafalgar na Jutland, hayana mtepe, chombo cha wenyeji wa hapa. Kwa hiyo unachonga. Kipande cha mwembe kinatosha, kwani mti huo huo ndio mafundi wanaochongea mitumbwi, na nyuzi zake hazipasuki ovyo chini ya wembe. Mlingoti ni kijiti cha mshikaki kilichopunguzwa kwa msasa. Makasia ni chelewa zilizochanwa nyembamba, na hapa subira yako hupimwa kwelikweli, maana galioti moja inataka makasia pande zote na kila kasia litazame nyuma kwa pembe moja. Tanga la pembetatu huning'inia kwenye foromali, na foromali ikikaa vibaya chombo chote husema uongo. Mtepe wenyewe una tanga la mraba la mkeka. Hilo nalifuma kwa nyuzi za ukindu.

Mtu aliyechonga omo ya chombo kwa mkono wake hawezi tena kusoma neno merikebu kitabuni na kulipita tu. Atauliza: ya namna gani? Inakwenda joshi au haiwezi? Inataka maji ya kina gani? Maswali haya hayana anasa ndani yake. Kwenye pwani ya Kilifi na Malindi ndiyo yanayoamua nani anakufa. Mwamba unafuatana na ufuo na kufunguka kwenye milango michache tu. Maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, hata mahali palipokuwa njia asubuhi huwa uwanja mkavu adhuhuri. Mbele ya Malindi, tope la mto Sabaki huufanya mwamba ukatike na ghuba ikae wazi. Kwa hiyo meza yangu ina saa ya maji pembeni, na kila baada ya zamu kadhaa nabadilisha ukingo wa mwamba. Sheria nyingi za mchezo zilizotungwa Ulaya hazijali maji kupwa. Hapa ukiyasahau, umecheza bahari ya watu wengine.

Na upepo. Vita ninavyovirudia kuliko vingine ni vya Ali Bey, baharia wa Dola ya Uthmaniya, aliyekuja pwani hii mara mbili katika miaka ya 1580. Mara ya kwanza, mwaka 1585 na 1586, miji mingi kuanzia Mogadishu hadi Mombasa ilimpokea, Malindi ikakataa. Mfalme wake alibaki na Wareno aliokuwa na mkataba nao tangu Vasco da Gama alipotia nanga pale Aprili 1498. Mwaka 1587 Wareno wakaja kulipiza: Martim Afonso de Melo akaiteketeza Faza na kuipiga Mombasa. Kisha Ali Bey akarudi na galioti tano mwanzoni mwa 1589, akaijaribu Malindi, akapigwa na mizinga ya Mateus Mendes de Vasconcelos, kamanda wa Wareno pale, akashuka Mombasa na kujiimarisha. Mwezi Machi, merikebu zipatazo 20 za Tomé de Sousa Coutinho kutoka Goa, makao ya Wareno huko Bara Hindi, zikamfungia humo.

Ukiisoma habari hii kwenye ukurasa, unaona ujasiri na mizinga. Ukiiweka mezani, unaona kalenda. Ali Bey alishuka kutoka Bahari ya Shamu kwa kaskazi, na kaskazi iyo hiyo ndiyo iliyoleta merikebu za Goa. Mwezi Machi ilikuwa bado inavuma. Njia ya kwake ilikuwa upande upepo unakotoka, na kusi, ambayo ingemrudisha, haikuwa imeingia. Nimejaribu kumtoa. Nilimpa makasia usiku, atambae kaskazini ndani ya mwamba kupita Mtwapa na Takaungu, mkondo wa maji ukimsaidia kidogo. Mapambazuko yakamkuta mahali ambapo walinzi wa Malindi wanamwona. Nilimpeleka kusini kuelekea Kilwa. Kila alichopata huko kilimweka mbali zaidi na nyumbani. Nilimwacha akae kama alivyokaa. Kila zamu inavyopita namwelewa zaidi mtu huyu, ambaye vitabu vingi humwita haramia na kumaliza.

Kisha kuna kisa cha wapelelezi, na hapa mchezo wa peke yako unatoa kitu ambacho mchezo wa watu wawili haukitoi. Vasconcelos alikuwa na watu wake hadi Bahari ya Shamu, na onyo lake likafika Goa. Chombo kitokacho Malindi kwenda Bara Hindi kinataka kusi. Ikishakwisha, barua hukaa bandarini na mwenye barua. Maana yake habari ililazimika kuvuka kabla upepo haujageuka, kabla ya kaskazi iliyomleta Ali Bey mwenyewe. Vita vilikuwa vimekwisha kuamuliwa na mashua yenye barua, miezi mingi kabla ya mzinga kulia. Ningecheza na mwenzangu, tungeanza siku merikebu zinapoonana, kwa kuwa hakuna rafiki atakayekubali kukaa jioni nzima akisogeza barua. Peke yangu naweza kuipa mashua ile jioni yake.

Sasa lile swali la macho. Njia nilizozizoea ni hizi. Kabla ya kuanza, kila nahodha huandikiwa nia tatu zinazomwezekana, kila moja kwenye karatasi iliyokunjwa. Ikifika zamu yake, moja huchomolewa, nami natakiwa kuitii kwa moyo wangu wote hata kama ninaona kwamba inamwangamiza. Vyombo vilivyo mbali si vyombo, ni vipande vya kadi visivyo na alama. Chini ya kimoja mna galioti, chini ya kingine mna mashua ya wavuvi, na hata mimi nimevichanganya nisijue. Dadu huamua iwapo ishara ya bendera imeonekana. Karata huamua upepo ndani ya upepo, yaani matlai au utulivu wa mchana unaomwacha mwenye tanga ameduwaa huku mwenye makasia akipita.

Ugumu si sheria hizo. Ugumu ni haki. Ukihama kutoka upande mmoja wa meza kwenda wa pili, unahama na chuki zako, na mkono hupenda kumsogeza unayempenda nusu sentimita zaidi. Mimi ni mtu wa pwani. Moyo wangu hauko na Goa. Ila nikikaa kiti cha mfalme wa Malindi, lazima nitafute kwa unyofu sababu za kumkataa Ali Bey: Mombasa jirani yenye nguvu, mkataba wa miaka 90, mizinga ya Wareno iliyo mlangoni kwake. Nikishazipata, neno msaliti linakosa pa kukaa. Hakuna somo la historia nililowahi kusikiliza lililonidai uadilifu wa namna hii, wa kumtetea kila mtu kwa zamu yake na kwa nguvu sawa.

Kuna mahali meza yangu husimama. Mwisho wa vita vile, Wazimba, wapiganaji waliokuwa wamefika upande wa bara, walivuka kivuko cha Makupa na kuingia kisiwani, na watu wa Mombasa wakakimbilia majini kuelekea merikebu za wale wale waliokuja kuwapiga. Ali Bey mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotekwa, akapelekwa hadi Lisbon. Sheria za mchezo zinaweza kuhesabu waogeleaji. Ziko zinazofanya hivyo. Sikubali. Galioti ya mwisho ikishatekwa, narudisha vyombo ndani ya sanduku na kilichobaki nakisoma kitabuni. Vyombo vya mbao vinaweza kubeba maamuzi ya manahodha, na hayo ndiyo niliyokuja kuyasoma. Mama mwenye mtoto ndani ya maji hakuwa na uamuzi wa kuamua, na kumtupia dadu hakutanifunza chochote juu ya pepo wala mikondo.

Siku hizi nachonga mitepe na mashua ndogo. Katika masimulizi ya 1589 vyombo vya wenyeji hutajwa kwa jumla, pembeni mwa galioti na merikebu, nami kwa muda mrefu niliona meza zenye vita vya pwani hii zikiwa hazina hata kimoja. Hilo haliwezekani. Bandari ya Mombasa wakati wa kaskazi ilikuwa na wageni wa biashara waliokuja kwa upepo huo huo na waliokuwa wakingoja kusi kama Ali Bey, na uvuvi wa Takaungu hausimami kwa kuwa Goa imekuja. Kwa hiyo kila mtepe sasa una karatasi zake tatu. Nahodha wa Pate mwenye shehena ya boriti anaweza kukata kamba na kutoka na maji yanayokupwa, anaweza kukaa na kuomba wasimwone, au anaweza kukisogeza chombo chake katikati ya mlango, kwa hofu au kwa makusudi, na kuiziba njia ya merikebu kubwa kwa muda wa zamu mbili. Zamu mbili mezani kwangu zinatosha galioti kufika Makupa.