Chembe, Kiini na Kwaki: Tamathali katika Istilahi za Fizikia

Ni mazoea kusema kwamba lugha ya sayansi haina tamathali. Kwamba mshairi hutia chumvi pale ambapo mwanasayansi hupima. Usemi huu umeiathiri kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili, kwani wengi wameiingia kazi hiyo wakidhani kuwa kila neno la fizikia ni kibandiko juu ya kitu, na kwamba wajibu wao ni kukibandua cha Kiingereza na kubandika cha Kiswahili. Fizikia ya chembe, yaani tawi linalochunguza vipande vya msingi kabisa vya maada, yaonyesha kinyume. Ni taaluma iliyojaa sitiari tele, nayo humtaka mfasiri awe mhakiki kabla hajawa mtunga kamusi.

Na lichukuliwe kwanza neno kiini. Mwaka 1911, Ernest Rutherford, akiwa Manchester, alieleza maana ya majaribio yaliyoanzwa mwaka 1909 na Hans Geiger na Ernest Marsden. Chembe za alfa zilizorushwa kwenye utando mwembamba wa dhahabu zilipenya karibu zote, lakini chache mno zilirudi nyuma. Rutherford alikuja kuusimulia mshangao wake kwa tashbihi: ni kana kwamba mtu amefyatua kombora la inchi 15 kwenye karatasi ya shashi, nalo likarudi kumpiga mwenyewe. Jina ambalo Wazungu walikipa kitu hicho cha katikati ya atomi ni la Kilatini, lenye maana ya kokwa dogo, na tayari lilikuwa limetumiwa na Robert Brown, mwaka 1831, kwa seli za mimea.

Kiswahili kilipotoa neno kiini kilipata zaidi ya kilichokuwa kikifasiriwa. Kokwa hutemwa. Kiini hakitemwi: kiini cha yai, kiini cha mti na kiini cha jambo ndipo penye uzito wa kitu chenyewe. Hilo lalingana na yale aliyoyaonyesha Rutherford, kwamba karibu tungamo lote la atomi limekusanyika mahali ambapo upana wake ni mdogo mara makumi ya maelfu kuliko atomi nzima. Hata hivyo, kiini cha yai kimezungukwa na ute uliojaa tele, ilhali kiini cha atomi hakikuzungukwa na kitu kama hicho. Mwalimu achoraye yai ubaoni amesema kweli nusu. (Tena kuna kiinimacho, ambacho mwanafunzi mtundu hatakosa kukikumbusha.)

Neno chembe ni gumu zaidi. Kuna chembe ya mchanga, kuna chembe za damu, na kuna vitabu vya biolojia vilivyolitumia kwa kile ambacho sasa huitwa seli. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu. Zaidi ya hayo, picha ya punje, yaani kitu kigumu chenye mipaka na mahali pake, yapotosha. Mwaka 1897 J. J. Thomson alionyesha kwamba elektroni ni kijisehemu chenye tungamo na chaji yake. Miaka 30 baadaye, mwanawe, G. P. Thomson, huko Aberdeen, na Davisson na Germer nchini Marekani, walionyesha kwamba elektroni hiyo hiyo hutawanyika kama wimbi. Baba alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1906, mwana mwaka 1937, na hapana hata mmoja aliyekosea.

Je, neno chembe litupwe? La. Kasoro hiyo imo pia katika maneno ya Kizungu, ambayo nayo yana asili ya "kijisehemu". Tena Kiswahili kina hazina ambayo waandishi wa vitabu vya shule hawajaigusa. Msemaji asemapo kwamba fulani hana hata chembe ya huruma, hafikirii punje. Chembe hapo ni kipimo cha mwisho cha uchache, hata kwa jambo lisiloshikika. Chini yake hapana kitu. Maana hii iko karibu zaidi na dhana ya fizikia mpya, ambamo nishati yenyewe huja kwa mafungu yasiyovunjika, kuliko chembe ya mchanga. Lau ufafanuzi wa elektroni ungeanzia kwenye huruma badala ya mchanga, upotofu mwingi ungeepukwa.

Habari ya kwaki ni tofauti. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann, huko California, na George Zweig, aliyekuwa CERN, Geneva, walipendekeza kila mmoja peke yake kwamba protoni na nyutroni zimeundwa kwa vitu vya ndani zaidi. Zweig aliviita kwa jina la karata ya ree. Gell-Mann alianza na mlio tu uliomjia, kisha akaipata tahajia yake katika riwaya ya James Joyce, Finnegans Wake, ya mwaka 1939, ambamo neno hilo limeambatana na idadi ya tatu. Nayo protoni ilihitaji vitu vitatu. Jina lake ndilo lililoshinda. Wale wanaodai kwamba kila istilahi lazima ichimbuliwe katika mizizi ya Kibantu hawana budi kuzingatia kwamba hata wenye Kiingereza hawakuchimbua mzizi wowote wa maana hapa. Kutohoa kwaki si uvivu.

Uvivu ungekuwa kutohoa na majina ya aina zake sita, ambazo wanafizikia huziita ladha, kwani hayo ni maneno ya kawaida yaliyokopwa sokoni. Mawili ya kwanza ni juu na chini. Kasheshe huanza kwenye mawili ya mwisho, ambayo kwa Kiingereza ni ya kileleni na ya kitakoni: anayefasiri kwa haraka hujikuta na kwaki mbili za juu na mbili za chini, na anayesema kitako huangusha darasa zima kwa kicheko. Ipo njia. Wanafizikia wenyewe waliwahi kuziita hizi mbili uzuri na ukweli, na jina la uzuri bado latumiwa na baadhi yao. Kiswahili hakilazimiki kuokota jina lililoshinda kwingine ikiwa lililoshindwa lakifaa zaidi. Kuhusu aina nyingine, ajabu yatosha. Lakini ile ambayo jina lake humaanisha uzuri wa kuvutia iitwe haiba, kwa maana mvuto tayari una kazi ya kuangusha maembe.

Rangi nayo yahitaji hadhari. Kwaki husemwa kuwa nyekundu, kijani au buluu, na tatu zikikutana huwa nyeupe. Atakayejaribu jambo hilo kwa makopo ya mpaka rangi atapata tope. Sitiari hii ni ya rangi za mwanga, na mwandishi asiposema hivyo hajafasiri kitu.

Vitenzi vimesahauliwa kuliko nomino. Kiswahili sanifu hutofautisha kugundua kilichokuwapo na kuvumbua kisichokuwapo, ijapokuwa magazeti huyachanganya. Kwaki zilibuniwa mwaka 1964. Majaribio ya Stanford kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 yakaonyesha alama zake ndani ya protoni. Lakini hakuna aliyewahi kuikuta moja peke yake. Zilibuniwa, zikagunduliwa, hazijaonwa. Vitenzi vitatu vyahitajika, navyo vipo.

Mfano mbaya kupita yote ni chembe ya Mungu, jina la bosoni ya Higgs, ambayo kugunduliwa kwake kulitangazwa na CERN tarehe 4 Julai 2012. Jina hilo lilienezwa na kitabu cha Leon Lederman cha mwaka 1993, na Peter Higgs mwenyewe hakulipenda. Kwa Kiswahili ni baya maradufu. Kiunganishi -a hakichagui kati ya chembe iliyo mali ya Mungu na kipande kilichomeguka kwake, na msomaji wa Lamu au Unguja aliyelelewa kuamini kwamba Mungu hagawanyiki atasoma kufuru pale ambapo hapana hata theolojia.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990. Lakini nchini Kenya sayansi haifundishwi kwa Kiswahili, na Tanzania somo hilo hubadili lugha mwanafunzi aingiapo sekondari, yaani pale hasa ambapo kiini na elektroni vingeanza kazi. Istilahi isiyotumiwa haikosolewi, na isiyokosolewa haikui. Ajabu ni kwamba neno moja la Kiswahili limo katika sayansi hiyo bila kupitia kamati yoyote. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza eksirei za angani, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya siku hiyo. Katika orodha ya nne ya vyanzo ilivyovipima, kila kimoja kimeandikwa kwa tarakimu 4 na herufi U, na wanaastronomia wangali wakiviita hivyo.