Zamu Yenye Uzito: Kuchagua Gemu ya Kompyuta Ukiwa Mishamo

Mtu anayenunua laptop ya mtumba Mpanda mjini na kurudi nayo Mishamo, mazingira yamekwisha kumchagulia aina ya gemu. Gemu mpya za mpira na za bunduki zinataka kadi ya picha yenye nguvu, zinataka intaneti isiyokatika, na zinataka vidole vyepesi ambavyo havikushinda shambani vikichuma tumbaku. Gemu za uhusika za zamu, zile ambazo unaongoza mhusika anayekua kadiri hadithi inavyosonga, hazina papara hiyo. Unaamua, mhusika wako anatenda, adui naye anatenda, kisha kompyuta inakusubiri. Ukiitwa kumwagilia kitalu, ukarudi baada ya saa mbili, hakuna aliyekuua. Tatizo ni kwamba gemu za aina hii ni nyingi kupita kiasi, na zilizo mbovu zina majalada mazuri kama zilizo nzuri.

Mishamo ni makazi yaliyoanzishwa mwaka 1978 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na watu wake hawahitaji somo la zamu ni nini. Wazee walikuja na mchezo wa safu nne za mashimo nane, ndugu wa bao letu. Kipimo changu cha kwanza nakichukua hapo. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na hakuna kinachofichwa. Mchezaji mkali hukaa kimya kwa muda mrefu, si kwa kuwa hajui cha kufanya, ila ana njia tatu za kucheza na kila moja itamgharimu. Gemu yoyote ya zamu ipe mtihani huo huo. Je, kuna wakati unaondoa mkono kwenye kipanya ukafikiri? Kama saa nzima imepita ukibonyeza neno moja la kushambulia mpaka adui aanguke, hiyo ni kazi ya kibarua, na kibaya zaidi haina ujira.

Gemu nyingi zenye jina kubwa zinaanguka hapo. Asili ya aina hii ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa mwaka 1974 wa Gary Gygax na Dave Arneson. Ulipoingia kwenye kompyuta ukazaa Wizardry na Ultima mwaka 1981, na mwaka 1986 huko Japani Yuji Horii akatoa Dragon Quest. Naiheshimu Dragon Quest kama babu wa ukoo, lakini sikushauri uianze. Ni shujaa mmoja kupigana na adui mmoja, na sehemu kubwa ya muda unazunguka porini kutafuta pointi ili namba zipande. Vizazi vyake vingi vilirithi kuzunguka huko bila kurithi haiba yake.

Mfano wa zamu yenye uzito ni Battle for Wesnoth, gemu ya bure iliyoanzishwa na David White mwaka 2003 na kuendelezwa hadi leo na watu wa kujitolea. Wenye kupenda kugawa mafungu wataiita gemu ya vita zaidi kuliko ya uhusika. Mimi naiweka hapa bila wasiwasi, kwa sababu askari wako wana majina, wanapata uzoefu, wanapanda ngazi na kukufuata kutoka pambano moja hadi jingine. Tazama zamu moja tu kwa karibu. Mpiganaji wako wa Kielfi amesimama kwenye nyasi, jua linazama. Mbele yake kuna Orki mwenye mapigo mawili kwa zamu, kila pigo nguvu 9. Orki ni kiumbe wa usiku: giza likiingia pigo lake linafika 11, mchana linashuka hadi 7. Ukibaki kwenye nyasi, kila pigo lake lina nafasi ya asilimia 60 kukupata. Ukirudi hatua moja msituni, nafasi hiyo inashuka chini ya nusu, ila utakuwa umekiacha wazi kijiji kinachokuletea dhahabu na kukuponya. Usubiri kuche, au upigane sasa hivi? Na huyo mpiganaji amebakiza pointi chache apande ngazi. Akifa amekufa, pambano lijalo humwoni.

Hapo kila kitu kinachotakiwa kimo. Kuna chaguo, kila chaguo lina gharama, na gemu imekuonyesha hesabu yote kabla hujabonyeza. Uwazi huo ndio wengi wanausahau wanaposifia gemu. Bahati si dhambi, hata dhumna ina bahati, lakini gemu nzuri hukuambia ukubwa wa bahati kabla ya kukuomba uamuzi. Into the Breach ya mwaka 2018 imekwenda mbali zaidi: kwenye uwanja wa miraba minane kwa minane, adui anakuonyesha mapema atakachopiga zamu ijayo, kazi yako ni kumharibia. Mcheza bao ataipenda siku hiyo hiyo. Gemu inayoficha kanuni zake, halafu ikakuadhibu kwa kutozijua, iweke pembeni.

Kuhusu kifo cha kudumu cha wahusika, mashabiki wanabishana sana. Maoni yangu ni kwamba ukatili peke yake si ubora. Darkest Dungeon inaua mashujaa wako na kuwatia wazimu kabla ya kuwaua, na inafanya hivyo kwa ustadi, kwa sababu msongo wa mawazo wa kila mmoja una kipimo chake unachokiona na kukihesabu. Zipo nyingine zinazoua ili tu ziitwe ngumu. Ukifa bila kuelewa ulikosea wapi, mwenye kosa ni mtengenezaji.

Kipimo cha uhusika wenyewe ni chepesi kukisema. Mhusika akipanda ngazi, je, unacheza tofauti, au namba 10 imekuwa namba 20 na adui naye amepandishwa vivyo hivyo? Undertale ya Toby Fox, ya mwaka 2015, imelijibu hili kwa namna ambayo sijaona kwingine. Kila kiumbe unayekutana naye unaweza kumwacha hai, kwa kuongea naye, kumchekesha au kumvumilia. Uamuzi wa kuua au kutoua ndio unaokufanya uwe nani. Nayo ina ukubwa wa takribani megabaiti 200 tu, ambao bando la kawaida linaubeba.

Ukubwa huo si jambo dogo kwetu. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 ni kazi bora, sina ubishi, lakini inadai gigabaiti 150 za nafasi na kadi ya picha ambayo bei yake inazidi laptop yako. Aliye Dar es Salaam na waya wa intaneti nyumbani aifurahie. Wewe mwenye RAM ya gigabaiti nne na umeme wa sola uliza kwanza mambo mengine. Inawaka bila intaneti? Inakubali kusevu popote, hata katikati ya pambano, au inakulazimisha ufike kituo fulani wakati betri imebaki asilimia 6? Gemu isiyosevu katikati ya pambano, kwa mtu wa sola, ina kasoro, hata kama wachambuzi wa Ulaya wameipa nyota tano.

Lugha nayo ni kizingiti. Gemu za uhusika zina maneno mengi, na karibu yote ni Kiingereza. Kiswahili kimeingia kwa milango ya pembeni: wimbo wa "Baba Yetu", aliotunga Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ulipata Grammy, tuzo ambayo hakuna muziki wa gemu uliowahi kuipata kabla yake. Mwaka 2024 Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau yenye sauti za Kiswahili, ingawa si ya zamu. Kwa hiyo, kama Kiingereza chako ni cha shule ya kata, chagua gemu ambayo pambano lake linaeleweka kwa macho, na hadithi ije taratibu pamoja na kamusi.

Kuhusu kununua: Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa mbili zinatosha kufanya mtihani wa bao niliousema. GOG inauza gemu zisizo na kufuli, ukishaipakua unaihifadhi kwenye flashi na hakuna anayekuuliza intaneti tena. Gemu za wizi zinazozunguka vibandani siziungi mkono, na virusi vyake vimeua laptop nyingi zilizokuwa zinategemewa kwa kazi za shule.

Anza na Wesnoth. Siku ukienda Mpanda ishushe, haifiki gigabaiti moja, kisha cheza kampeni fupi ya A Tale of Two Brothers kabla ya zile ndefu. Ukiridhika nayo, wanakilie wenzako wa kijiji cha pili na cha tatu kwa flashi. Leseni yake inaruhusu.