Riwaya ya Vita na Mlango wa Mchapishaji: Kutoka Kaburi bila Msalaba hadi Haini

Wahakiki wetu wamezoea kuianza kazi yao pale kitabu kinapotoka mtamboni. Swali la nani alikubali kukichapa, na kwa nini, huachiwa wafanyabiashara. Makala haya yanadai kuwa kwa riwaya inayohusu vita, swali hilo ni la kihakiki pia. Hoja yetu ni kwamba mchapishaji haogopi vita. Huogopa vita ambavyo havijakwisha.

Tuanze na Nairobi. Kaburi bila Msalaba ya P. M. Kareithi, inayosimulia vita vya Mau Mau, ilitolewa mwaka 1969 na East African Publishing House, shirika lililoanzishwa mwaka 1965. Shirika hilohilo lilikuwa limekwisha kutoa Ordeal in the Forest ya Godwin Wachira (1968), na baadaye likatoa Taste of Death ya Meja Mwangi (1975). Carcase for Hounds, ya Mwangi pia, ilitolewa na Heinemann mwaka 1974. Msitu wa Mau Mau, basi, ulipata wachapishaji zaidi ya mmoja, ijapokuwa marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau haikufutwa hadi mwaka 2003. Lililowezesha hayo ni kuwa vita hivyo vilihesabiwa kuwa vimekwisha: mkoloni alikuwa ameondoka na bendera ilikuwa imepandishwa.

Tulinganishe na Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotolewa kwa Kikuyu na Heinemann Kenya mwaka 1986. Mpiganaji anatoka msituni kudai nyumba yake, na anawakuta wana wa maadui wake wa zamani wakiwa ndio wenye mamlaka. Vita ni vilevile. Kilichobadilika ni wakati, kwani sasa mpiganaji anaiuliza Kenya huru maswali. Mwaka 1987 nakala zilikamatwa na polisi.

Zanzibar inathibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, inayohusu Mapinduzi ya 1964, ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1978. Riwaya hiyo inasimama upande wa wavujajasho, upande ambao dola ilidai kuwa wake. Haini, inayohusu wafungwa wa kisiasa baada ya kuuawa kwa Rais Karume tarehe 7 Aprili 1972, ilitolewa Nairobi na Longhorn mwaka 2003. Mwandishi mwenyewe alikuwa ametiwa kizuizini kufuatia mauaji hayo. Ilipita miaka 31, na kitabu kikatokea nchi ya pili.

Huenda msomaji akapinga kuwa tunaitafuta siasa palipo na hesabu tu. Pingamizi hilo lina uzito. Riwaya ya Kiswahili nchini Kenya hutegemea sana soko la shule, na mswada usioweza kuingia darasani ni hasara inayotabirika. Lakini hesabu hiyo nayo ina siasa yake, kwa kuwa shule hupendelea vita vyenye washindi wanaokubalika na wote.

Hapa ndipo mtaa kama Kangemi unapotuhusu. Kutoka huko hadi Westlands, ambako warithi wa Heinemann Kenya walikuwa na ofisi kwa miaka mingi, ni kilomita chache tu kwa Barabara ya Waiyaki. Barabara hiyo ina jina la Waiyaki wa Hinga, aliyepambana na Kampuni ya Waingereza huko Dagoretti akafa mwaka 1892. Vita vyake vimekwisha kuwa jina la njia. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliufikia mtaa huo pia. Mwandishi anayetaka kuzifanyia riwaya hana mkoloni aliyeondoka wala mpaka wa kumkinga. Adui wa hadithi yake ni jirani, na jirani yungali papo, ukuta kwa ukuta. Mhariri atamuuliza kitabu ni cha kidato gani.

Tusiuchukulie, basi, uhaba wa riwaya za namna hiyo kuwa ni upungufu wa vipaji. Idara zetu zina wasomaji waliofunzwa, zina semina na zina majarida. Zikianza kuisoma miswada kabla ya wachapishaji kuikataa, na kuitolea hoja za kihakiki kwa maandishi, mchapishaji atakuwa na tathmini nyingine ya kuiweka kando ya hesabu yake.