Rezo Cheishvili na Muswada Usiosomwa

Rezo Cheishvili (1933–2015), mwandishi wa riwaya na wa hati za filamu, alizaliwa Kutaisi, nchini Georgia. Kazi iliyomtangaza mbali ni "Milima ya Buluu", filamu ya Eldar Shengelaia ya mwaka 1983, ambayo hati yake aliiandika yeye.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kijana Soso anapeleka muswada katika shirika la uchapishaji. Kila afisa anaupokea, anaahidi, wala hausomi. Majira yanapita, nyufa zinatambaa ukutani; mzee mmoja anaomba picha ya Greenland iondolewe isije ikamwangukia, hasikilizwi. Hatimaye jengo linaporomoka. Wafanyakazi wanahamia jipya, na mazoea yao ni yale yale.

Kuiita kazi hii dhihaka ya urasimu wa Kisovieti ni sahihi, ila hakutoshi: dola ile ilivunjika mwaka 1991, na kisa hakikuzeeka. Cheishvili hakumchora mwovu hata mmoja. Wote ni wapole na wenye adabu. Hapo ndipo ulipo ukali wake. Fasihi haiuawi na mdhibiti peke yake. Huuawa pia na yule aliyeajiriwa kusoma, anayepokea maandishi kwa tabasamu na kuyafungia sandukuni.